Ishara za Kocha Kutoka Kando ya Uwanja: Mwongozo Kamili kwa Timu za Mtaani Nairobi

Kocha anayesimama kando ya uwanja wa Camp Toyoyo kule Jericho, au katika uwanja wowote wa vumbi wa Eastlands, ana koo moja tu, na koo hilo linashindana na mashabiki waliosimama mguu ndani ya mstari, vuvuzela, honi za matatu na watoto wanaorudia kila neno analolitamka. Winga wake wa upande wa pili yuko mita 60 kutoka hapo, na hata akisikia kwamba kuna kelele inayomhusu, hawezi kujua kama anaambiwa apande, arudi, au afunge kamba za viatu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kumfikia mchezaji huyo kwa mikono. Nimefundisha timu za mtaa kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kubuni ishara ni kazi ya dakika kumi. Kinachoziangusha timu nyingi ni kwamba hazikuamua nani ataipokea ishara hiyo, ataijibu vipi, na ataipitisha kwa nani.

Walioifikisha kazi hii mbali zaidi ni Wamarekani, katika soka yao ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mchezo wao husimama baada ya kila jaribio, na kila unaposimama benchi huchagua mpango mpya na kuupeleka uwanjani. Paul Brown, kocha wa Cleveland Browns, alikuwa akiwatuma wachezaji wa akiba waingie na ujumbe mdomoni, na mwaka wa 1956 alijaribu kuweka redio ndani ya kofia ya mchezaji wake, jambo ambalo ligi ililipiga marufuku upesi. Redio hiyo iliruhusiwa katika ligi ya NFL mwaka wa 1994 kwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeanzisha mashambulizi, kisha mwaka wa 2008 kwa beki mmoja wa upande wa ulinzi, na hata hivyo mawasiliano hukatwa ile saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila jaribio inapobakisha sekunde 15. Timu za vyuo vikuu ziliendelea kutumia mikono na mabango makubwa yenye picha za kila aina, hadi ngazi yao ya juu iliporuhusiwa redio mwaka wa 2024. Tutaazima kwao mambo mawili au matatu, lakini si yote, kwa sababu sheria zetu ni nyingine.

Hatua ya kwanza: Fahamu unachoruhusiwa

Sheria ya 4 ya kandanda inamkataza mchezaji kuvaa au kutumia kifaa cha kielektroniki cha mawasiliano, kwa hiyo habari ya kumtilia nahodha kidude sikioni iishie hapo. Walio kwenye benchi, kwa upande mwingine, wanaruhusiwa kutumia simu, tableti au kipaza sauti cha sikioni, mradi kifaa ni kidogo cha kushikika mkononi na kinatumika kwa mbinu za mchezo au usalama wa wachezaji. Ruhusa hii haitumiwi ipasavyo mtaani. Ukicheza mahali penye ngazi za mashabiki, mpandishe msaidizi wako juu kabisa akiwa na simu yenye chaji, kwa sababu kutoka pale ataona kwamba beki wao wa kushoto anaacha pengo nyuma yake, jambo ambalo wewe uliye chini huwezi kuliona.

Sheria ya 1 ndiyo inayokuhusu zaidi. Eneo la makocha linaenea mita 1 kila upande wa viti na kukoma mita 1 kabla ya mstari wa pembeni, na ndani yake ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja anayeruhusiwa kutoa maelekezo ya mbinu. Tangu mwaka wa 2019 kocha naye huonyeshwa kadi, na iwapo mwamuzi hawezi kumtambua aliyekosa kwenye benchi, adhabu humwangukia kocha mkuu aliyepo. Katika viwanja vyetu eneo hilo mara nyingi halijachorwa. Nenda kwa mwamuzi kabla ya mechi, mwonyeshe utakaposimama, na ukiwa na chokaa kidogo uchore mwenyewe. Utaratibu huu wa adabu umenikinga na maneno mengi.

Kuna mtego mwingine. Mchezaji anayemvuruga mpinzani kwa maneno huonywa kwa kadi ya njano, kwa hiyo usibuni mpango wowote unaomtaka mchezaji wako apige kelele ya "acha, wangu!" ili beki wa upande wa pili auachie mpira.

Hatua ya pili: Chagua mipango michache

Ishara za kocha hufaa pale mpira unapokuwa umesimama: kona, mipira ya adhabu karibu na kisanduku, mipira mirefu ya kurusha. Mpira unapotembea, mchezaji anayetazama benchi hautazami mpira, na mwisho wake tunaujua. Kwa timu ya watu wazima ninapendekeza mipango mitatu ya kona, miwili ya mpira wa adhabu, ishara moja ya kupanda kukaba juu, moja ya kurudi nyuma, na moja ya kufuta. Kwa watoto walio chini ya miaka 13, mipango miwili inatosha, na hata hiyo utaikuta imechanganywa.

Hatua ya tatu: Tengeneza umbo linaloonekana

Vidole havifai. Nilivitumia msimu mzima nikidhani nina mfumo: viwili kwa mlingoti wa karibu, vitatu kwa mlingoti wa mbali. Siku moja mpigaji wetu wa kona aliona viwili pale nilipoonyesha vitatu, akaumimina mpira chini kwenye mlingoti wa karibu ambapo hapakuwa na mtu wetu hata mmoja, beki wao akaukuta, na sekunde chache baadaye tulikuwa tunautoa mpira wavuni mwetu kwa shambulizi la kushtukiza. Mpigaji hakuwa na hatia. Nilipokwenda baadaye kusimama penye kibendera cha upande wa pili na kumwomba msaidizi anyooshe vidole kutoka kwenye benchi, niliona ngumi tu.

Kwa hiyo tumia mikono mizima na mwili mzima. Kuweka mikono yote miwili juu ya kichwa kama mtu anayeshikilia ndoo ya maji ni umbo ambalo halifanani na jingine lolote. Kunyoosha mkono mmoja pembeni, sambamba na ardhi, ni umbo la pili. Kuinama na kushika magoti yote mawili ni la tatu. Kupishanisha mikono juu ya kichwa kwa alama ya msalaba ni la nne, na hilo liwe la kufuta mpango. Epuka kuinua mkono mmoja wima, kwa sababu hiyo ndiyo ishara ya mwamuzi anapotoa mpira wa adhabu usioruhusiwa kupigwa langoni moja kwa moja, na hutaki mchezaji wako mchanga apate mikono miwili ya kuitafsiri kwa wakati mmoja.

Jua la Nairobi nalo lina maoni yake. Mechi inayoanza saa kumi alasiri humalizika jua likiwa limeinama upande wa magharibi, na ikiwa benchi lako liko upande huo, wachezaji wanaokutazama wanaona kivuli cheusi chenye mikono, bila uso, bila rangi na bila vidole. Ndiyo sababu sishauri ishara zinazotegemea rangi ya bibu au kitambaa, mbali na kwamba wapo wachezaji ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani na hawajawahi kumwambia mtu.

Kila umbo lipewe jina, kwa maana nahodha atalazimika kulitamka akiwa ndani ya kisanduku. Sisi hutumia majina ya vituo vya matatu, ambayo kila mchezaji anayajua, awe wa Huruma au wa Kibra. Chagua majina yasiyofanana kwa sauti: Rongai, Juja na Githurai hayachanganyiki hata katikati ya kelele, ilhali Kayole na Kawangware huanza sawa, na mchezaji aliyesikia "Ka" tayari ameshaondoka mbio.

Hatua ya nne: Panga mnyororo wa kupokezana

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Mtazame makanga wa matatu. Hugonga bati kumwambia dereva asimame au aondoke, na dereva hageuki nyuma kuuliza amemaanisha nini. Mlio ni mfupi, maana yake ni moja, na anayeusikiliza anajulikana. Katika timu nyingi kocha hupunga mikono kwa watu kumi na mmoja wote kwa pamoja, na kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ameona, hakuna aliyeona.

Mteue mpokeaji mmoja. Afadhali awe mchezaji anayecheza karibu zaidi na benchi, lakini kumbuka kwamba timu hubadilishana malango wakati wa mapumziko. Ikiwa benchi liko upande wa magharibi nanyi mnashambulia kuelekea kaskazini, beki wa kushoto ndiye jirani yako. Kipindi cha pili mtakaposhambulia kuelekea kusini, jirani yako ni beki wa kulia, na yule wa kushoto amehamia ng'ambo. Basi kazi ya mpokeaji haifungwi kwa jina la mtu bali kwa upande wa uwanja, na mabeki wote wawili wa pembeni sharti waijue sawasawa. Nimeona timu yenye ishara nzuri sana ikiwa bubu kipindi kizima cha pili kwa sababu aliyefunzwa kupokea alikuwa amehamia upande wa vichaka.

Mpokeaji akishaona, ajibu. Jibu ni tendo dogo lililokubaliwa mapema, kama kupiga paja mara mbili kwa kiganja. Kisha amtazame nahodha na kulirudia lile umbo, au alitamke jina ikiwa wako karibu, naye nahodha ampe mpigaji. Mpigaji naye huonyesha kwamba amepata: anaupokea mpira, anauweka chini, anauzungusha, kisha anainua mikono yote miwili kabla ya kupiga. Viungo vitatu, majibu mawili. Wewe uliye kando ya uwanja usiondoe macho kwa mpokeaji hadi paja lipigwe, na lisipopigwa, irudie ishara mara moja tu.

Likikosa kupigwa tena? Hapo ndipo timu inahitaji mpango wa kawaida, ule unaofuatwa wakati hakuna kilichosemwa au pale mchezaji hata mmoja anapokuwa na shaka. Kwetu ni mpira mrefu kwenye mlingoti wa mbali, na mabeki wawili wanabaki nyuma. Si mpango wa kutisha, lakini wachezaji kumi na mmoja wanaofuata mpango wa wastani kwa pamoja hawapati hasara inayowapata wale sita wanaofuata mpango mzuri ilhali watano wanafuata mwingine.

Ujumbe uwe umemfikia mpigaji kabla hajafika penye kibendera. Kandanda haina saa ya kuhesabu sekunde kwa kila kona, ila mwamuzi akiona mnachelewesha makusudi atatoa kadi ya njano, kwa hiyo muda wako ni ule wa kumtembeza mpigaji hadi pembeni.

Hatua ya tano: Ifiche, lakini si kupita kiasi

Wapinzani wana macho. Wamarekani hulitatua tatizo hili kwa kuwapanga watu wawili au watatu kando ya uwanja, wote wakipunga mikono, na wachezaji wao tu ndio wanaojua ni yupi mwenye ujumbe wa kweli siku hiyo. Sisi hatuwezi kuiga, kwa sababu ya ile kanuni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mmoja huyo atoe ishara tatu mfululizo, na wachezaji wajue kwamba inayohesabika ni ile inayofuata ufunguo, yaani tendo fulani dogo kama kugusa kiwiko. Mfano: mikono kichwani, kisha kugusa kiwiko, kisha kushika magoti, kisha mkono pembeni. Ujumbe ni magoti. Mengine ni makapi. Wakati wa mapumziko ubadilishe ufunguo kutoka kiwiko hadi bega, na umwulize kila mchezaji mmoja mmoja aliyebaki uwanjani ufunguo mpya ni upi.

Chagua ufunguo ambao mwili wako hauufanyi wenyewe. Wangu wa kwanza ulikuwa kugusa kofia, na nilijiona hodari hadi siku ya vumbi kali, nilipoishika kofia yangu isipeperuke kisha nikanyoosha mkono pembeni kumwomba kijana wa maji chupa. Timu nzima ilikimbilia mlingoti wa karibu. Jambo la ajabu ni kwamba tulifunga, na ikanichukua wiki nzima kuwaeleza kwamba mpango huo sikuuita mimi.

Msiogope sana kusomwa. Watoto wanaokaa nyuma ya benchi letu waliwahi kuzisoma ishara zetu zote kabla ya mapumziko, na kila nilipoinua mikono walitangaza kwa pamoja, "Rongai!" Niliwaacha waendelee hadi dakika za mwisho, nikawapa ishara ya Rongai, nikaongeza ile ya kufuta kwa utaratibu walioujua wachezaji peke yao, na mabeki wa upande wa pili, waliokuwa wameshawaamini watoto wale kuliko kocha wao, wakaenda kukaba mahali pasipokuwa na mpira.

Tatizo la kusomwa ni la zamani. Inasimuliwa kwamba ule mduara ambao wachezaji wa soka ya Marekani huufanya kabla ya kila jaribio ulianza miaka ya 1890 katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, kwa sababu walipocheza na viziwi wenzao, lugha yao ya ishara ilikuwa wazi kwa timu zote mbili, wakaamua kuizungushia migongo. Mwaka wa 2007 New England Patriots walipatikana wakizirekodi kwa kamera ishara za makocha wa timu pinzani kutoka kando ya uwanja. Kocha wao alitozwa faini ya dola 500,000, timu ikatozwa dola 250,000 na kupoteza nafasi ya raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya. Kosa lao lilikuwa kurekodi kutoka mahali palipokatazwa. Kumtazama kocha wa upande wa pili kwa macho yako mawili ni sehemu ya mchezo, na kama mchezaji wako wa akiba hana kazi, mpe hiyo.

Hatua ya sita: Fanya mazoezi ya kimya

Tenga wiki tatu. Wiki ya kwanza wachezaji wajifunze maumbo na majina wakiwa wamesimama tu, bila mpira, kwa dakika kumi mwishoni mwa mazoezi, na yeyote anayekosea asichekwe, maana anayechekwa hujifunza kuitikia kwa kichwa hata asipoelewa. Wiki ya pili ongeza mpira na mnyororo wa kupokezana, na kocha asiruhusiwe kutamka neno lolote. Zoezi hili ni gumu kwa kocha kuliko kwa wachezaji. Wiki ya tatu leta kelele: azima vuvuzela, weka redio ya mmoja wenu kwa sauti ya juu, waalike vijana wa mtaa wasimame kwenye mstari, na mbadilishane malango katikati ya zoezi ili mabeki wote wawili wa pembeni wapokee.

Jaribio la mwisho ni hili: simama mahali pa benchi, mpeleke kila mchezaji peke yake penye kibendera cha mbali jua likiwa machoni mwake, mwonyeshe maumbo yote bila mpangilio, na aandike anachokiona kwenye karatasi. Umbo linalokosewa na zaidi ya mtu mmoja ni la kutupwa.

Hatua ya saba: Siku ya mechi

Fika mapema ujue benchi liko upande gani na jua litaangukia wapi, kisha uwataje wapokeaji wa kila kipindi mbele ya wote. Ukiona mwamuzi ana wasiwasi na mikono yako, mweleze kwamba ni maelekezo ya mbinu na kwamba ni wewe peke yako unayeyatoa.

Ujumbe mrefu usiupeleke kwa mikono. Mchezaji wa akiba anayeingia anaweza kubeba sentensi mbili na akazifikisha, nawe mwambie azirudie mbele yako kabla hajavuka mstari. Karatasi pia si haramu. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 2006 mjini Berlin, golikipa wa Ujerumani Jens Lehmann alitoa kikaratasi kwenye soksi yake kabla ya penalti za Argentina, kikiwa na maelezo mafupi ya tabia za wapigaji, na Ujerumani ikashinda kwa penalti 4 kwa 2. Ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule unafanya kazi ileile hapa kwetu, ila uandike kwa herufi kubwa, kwa sababu golikipa atausoma mikono ikimtetemeka.

Mechi ikiisha, kabla wachezaji hawajavua viatu, kaa na wapokeaji wako wawili ukiwa na daftari lenye safu nne: dakika, ishara uliyotoa, jibu ulilopata, na kilichofanyika uwanjani. Mara nyingi utagundua kwamba mpango uliodhani umeshindwa haukuwahi kufika. Ishara ambayo haikufika katika mechi mbili mfululizo iondoe, jina lake lipe umbo jingine, na Jumanne jioni uanze upya na mchezaji wa kwanza penye kibendera cha mbali.